Kidole cha Chuma Kisichouzwa Tena

Kwa wahunzi wa Kidatoga wa Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, kufuli ya shaba haifi. Ikishaharibika huvunjwa, ikachanganywa na koki ya bomba iliyochakaa, ikatiwa kwenye chombo kidogo juu ya makaa, na kijana akaanza kukandamiza mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, kulia, kushoto, kulia, kushoto, bila kupumzika. Shaba ya njano huyeyuka kwenye joto la sentigredi 900 na ushei, na mkaa wa mgunga ukipulizwa vizuri unafika huko na kupita. Ikishakuwa uji humiminwa kwenye mfereji wa chuma, ikaganda, ikafuliwa, ikawa bangili. Msumari nao hupita kwenye moto uleule ukatoka ncha ya mshale, na wawindaji wa Kihadzabe huja kuufuata.

Kutoka Nangara, kata yetu hapa mjini Babati, kwenda Mang'ola ni safari ya kupanda nyanda za Mbulu kisha kushuka bondeni. Lakini Wadatoga si wageni kwetu. Malisho yao yanauzunguka Mlima Hanang, minadani tunasimama nao bega kwa bega, na miongoni mwao wapo Gidang'odiga, ukoo wa wahunzi, waliooana wenyewe kwa wenyewe vizazi na vizazi, wakiogopwa na kuhitajiwa kwa wakati mmoja. Nimeuwaza sana moto wao tangu nilipoanza kufuatilia historia ya gitaa moja ambalo wengi wetu tumelisikia maisha yetu yote bila kuliona.

Sauti yake utaikuta kwenye rekodi za mwanzo za Jim Reeves, zile za miaka ya 1950. Jim Reeves alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1964, lakini Krismasi ikifika bado anaimba redioni na kwenye sebule za wazee wetu. Nyuma ya ile sauti yake nzito kuna kitu kinacholia kama mtu aliyemaliza kilio akabaki na kwikwi. Noti haikatwi, inateleza kutoka mahali hadi mahali kama tone la maji juu ya jani la mgomba. Waamerika huliita gitaa la chuma, na jina hilo linapotosha kidogo, kwani mengi yana mwili wa mbao. Chuma kinachotajwa ni kile anachokishika mpigaji mkono wa kushoto. Gitaa hulazwa mapajani au juu ya miguu yake kama meza, na badala ya kubana nyuzi kwa vidole, mpigaji hutelezesha juu yake kipande cha chuma kilicholainishwa. Kwa sababu lilizaliwa Hawaii, huku kwetu waliolijua waliliita gitaa la Kihawaii, na mimi nitaliita hivyo.

Liliingia Afrika Mashariki kwa santuri kabla ya kuingia kwa mikono ya watu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyezunguka nchi nyingi za Afrika na mashine yake ya kurekodi, alifika Kapkatet, Kenya, kwa Wakipsigis na kuwarekodi wasichana wakiimba juu ya kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu nusu swala. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1933, na jina lake lilikuwa limepita kwenye ulimi wa Kikipsigis likatoka na umbo jipya. Santuri zake zilikuwa zimeletwa na Wazungu. Sasa, katika baadhi ya santuri hizo Rodgers anasindikizwa na gitaa la Kihawaii: Ellsworth Cozzens alilipiga mwaka 1928, Joe Kaipo, Mhawaii mwenyewe, mwaka 1929, Cliff Carlisle mwaka 1931. Kila ninapowasikiliza wasichana wale na kinubi chao, chepkong, nawaza kuwa huenda kilio cha chuma juu ya uzi kilikuwa sehemu ya kile kilichowafanya waamini kwamba mwimbaji huyu hakuwa binadamu kamili. Upande wa Kongo, katika Léopoldville ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, Zacharie Elenga aliyejiita Jhimmy alipata sifa kwa kupiga gitaa kwa namna ya Kihawaii. Na Nigeria walikwenda mbali zaidi: Demola Adepoju aliketi kwenye gitaa la Kihawaii la pedali katika bendi ya King Sunny Adé, na albamu ya mwaka 1982 ikalipeleka duniani kote likiwa limevaa vazi la Kiyoruba.

Lakini nataka kusimulia habari za vyuma vyake, na vyuma vinaanza na bolti.

Joseph Kekuku alizaliwa mwaka 1874 huko Laie, kisiwa cha Oahu. Akiwa mwanafunzi wa shule ya wavulana ya Kamehameha, karibu mwaka 1889, alikuwa akitembea kando ya reli na gitaa lake mkononi. Simulizi inayojulikana zaidi inasema aliokota bolti, bolti ikagusa uzi, ikateleza, na sauti ikalia. Alijaribu mgongo wa kisu, akajaribu chanuo. Sehemu ninayoipenda mimi ni ile inayofuata, ambayo wasimulizi wengi huipita haraka: alikwenda kwenye karakana ya shule akajichongea kipande chake mwenyewe cha chuma. Kipande cha kwanza cha gitaa hili hakikununuliwa dukani, kwa kuwa hakukuwa na duka linalokiuza. Kilichongwa kwa tupa na mvulana aliyejua anachokitafuta masikioni mwake. Ilimchukua miaka kuwa stadi. Mwaka 1904 aliondoka Hawaii kwenda kupiga bara, na hakurudi kuishi kwao. Alikufa mwaka 1932 katika jimbo la New Jersey.

Baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915, Wamarekani walishikwa na homa ya muziki wa Hawaii, na kumbi zikawa kubwa kuliko sauti ya gitaa. George Beauchamp, mpigaji, alimwendea John Dopyera, fundi aliyekuwa na mikono ya dhahabu, akamwomba gitaa linalosikika. Jibu la Dopyera, mwaka 1927, lilikuwa mwili wa shaba iliyochanganywa na nikeli, na ndani yake koni tatu za alumini nyembamba kama ganda la kitunguu, kila moja na upana wa inchi sita hivi. Nyuzi zinatikisa koni, koni zinatikisa hewa. Mwili wa gitaa hilo la kampuni ya National ulikandamizwa kwenye karakana ya Adolph Rickenbacker, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa bingwa wa kutengeneza kalibu za kukandamizia chuma mjini Los Angeles. Beauchamp na Rickenbacker hawakuishia hapo. Mwaka 1932 walianza kuuza gitaa la umeme lililosubiwa kwa alumini, mwili wa duara na shingo ndefu, kiasi kwamba watu waliliita Kikaangio. Juu ya nyuzi zake zilipita sumaku mbili zenye umbo la kwato ya farasi. Hataza ilipatikana mwaka 1937.

Kikaangio kilikuwa na kasoro moja ambayo ni lazima niieleze, kwa kuwa itatusaidia mbele. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Mpigaji akiketi chini ya taa kali za jukwaa, mwili wa gitaa ulipata joto na kurefuka, nyuzi za chuma zikabaki nyuma, na gitaa lililopatanishwa vizuri saa mbili usiku lilikuwa limepotoka ifikapo saa tatu. Hakuna aliyekosea kulisubu. Kosa lilikuwa ndani ya tabia ya madini yenyewe.

Kisha akaja Paul Bigsby. Huyu alikuwa mwendesha pikipiki za mashindano, na kazi yake kiwandani ilikuwa kuchonga maumbo ya mbao ambayo kwayo vyuma husubiwa. Nasema hivi kwa uzito: aliyeifanya alumini itii katika gitaa la Kihawaii alikuwa mchonga maumbo, mtu ambaye maisha yake yote aliwaza chuma kabla hakijawa chuma. Mpigaji Speedy West alipata gitaa lake la pedali kutoka kwa Bigsby mwaka 1948. Mwishoni mwa mwaka 1953 Bud Isaacs, akiwa na gitaa la Bigsby, alirekodi pamoja na mwimbaji Webb Pierce wimbo ulioitwa Slowly. Ndani yake alikanyaga pedali huku nyuzi zikiwa bado zinalia, na sauti mbili zikapanda huku ya tatu ikibaki mahali pake. Wapigaji wengine walipousikia redioni mwaka 1954 walianza kuchokonoa magitaa yao kwa waya na vipande vya chuma ili wapate kitu kilekile.

Pedali inafanyaje kazi? Chini ya sakafu ya gitaa kuna vyuma vingi kuliko inavyodhaniwa. Mguu ukikanyaga, fimbo nyembamba inavuta kiwiko, kiwiko kinazungusha mhimili, mhimili unavuta fimbo nyingine iliyolala, na fimbo hiyo inamfikia yule mhusika mkuu wa habari yangu. Upande wa mkono wa kulia wa mpigaji, chini ya kila uzi, kuna kipande cha alumini kilichoviringika juu kama kucha. Mafundi hukiita kidole. Kidole kikizunguka kidogo tu kwenye mhimili wake, uzi unakazika na sauti inapanda. Katika mpangilio uliozoeleka Nashville, pedali ya kwanza inapandisha uzi kwa sauti nzima, na ya pili kwa nusu sauti. Gitaa la shingo mbili lina nyuzi kumi kila shingo, kwa hiyo kuna vituo ishirini vya vidole, na kila kidole kikilegea hata unene wa karatasi, sikio linajua.

Wapigaji Shot Jackson na Buddy Emmons walianzisha kampuni ya Sho-Bud huko Nashville katika miaka ya 1950. Emmons akatoka mwaka 1963 na kuanzisha kampuni ya Emmons na Ron Lashley. Kwa miaka ishirini hivi makampuni haya yalitoa magitaa ambayo mpaka leo watu wazima huyatafuta kama mtu anayetafuta shamba la babu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sho-Bud ikafungwa. Hapo ndipo swali la spea lilipoanza, na lilianza kwa ukali, kwa sababu baadhi ya vipande vyake vya chini vilikuwa vimesubiwa kwa mchanganyiko wa bei nafuu wa zinki.

Zinki ina mvuto wake kiwandani. Huyeyuka kwenye sentigredi 420 tu, inatiririka vizuri, inajaza kila kona ya kalibu. Lakini inalegea ikibebeshwa mzigo miaka mingi, na ikigongwa hukatika kama biskuti. Zaidi ya hapo, zinki ya zamani ina ugonjwa. Ikiwa imechanganyika na risasi hata kwa kiasi kidogo mno, unyevu unapenya katikati ya chembe zake, kipande kinavimba, kinapasuka, na siku moja mtu anafungua sanduku anakuta unga. Mwaka 1929 kampuni ya New Jersey Zinc ilileta michanganyiko ya zinki safi ya asilimia 99.99 ili kuukomesha ugonjwa huo, lakini usafi ni gharama, na si kila kiwanda kiliuheshimu. Tafadhali tusichanganye mambo mawili: kipande kilichovimba ni kigonjwa na hakitibiki, kilichokatika kwa uchovu tu bado kinaweza kupimwa, na kipande kinachopimika hakijapotea.

Vidole vyenyewe havikatiki hovyo. Vinalika. Uzi wa chuma kigumu ukilala juu ya alumini miaka thelathini unachimba mfereji, na noti inaanza kuvuma kama nzi ndani ya chupa. Fundi anaweza kulainisha mfereji kwa tupa mara moja, pengine mara mbili. Mara ya tatu umbo la kucha limekwisha, na uzi hauondoki tena mahali unapopaswa kuondoka.

Kwa nini basi kiwanda kingine kisivitoe tu? Jibu liko kwenye kalibu. Vipande vile vilikuwa vikitolewa kwa kumimina madini kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma kigumu, na kalibu moja hugharimu fedha nyingi sana hata kabla kipande cha kwanza hakijatoka. Gharama hiyo ina maana ukitoa maelfu ya vipande. Kiwanda kikifungwa, kalibu huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Wapigaji waliobaki na magitaa ya zamani ni wachache na wametawanyika, na hakuna benki itakayomkopesha mtu fedha za kalibu kwa ajili yao. Kilichobaki ni mikono: fundi mmoja, karakana moja, anachukua kipande cha zamani, anakipima kwa vernia, anakata kimoja kipya kutoka kwenye bonge la alumini au shaba kwa mashine ya kuchonga. Siku hizi mashine nyingi huongozwa na kompyuta, na vipande ishirini vinaweza kufanana kama mapacha. Lakini anayeiambia kompyuta vipimo ni mtu, na vipimo vya kipande kilicholika ni uongo mpaka mtu huyo ajue kiliisha wapi.

Na anayesubu ana mtego wake. Ukichukua kidole cha zamani, ukakikandamiza kwenye mchanga mbichi, ukamimina alumini ndani ya alama yake, utatoa kidole kidogo kuliko cha kwanza. Alumini inapopoa husinyaa kwa kama asilimia 1.3, shaba ya njano kwa kama asilimia 1.5. Kwa kipande cha milimita 100 hiyo ni zaidi ya milimita moja, na tumeshasema sikio linasikia unene wa karatasi. Ndiyo maana wachonga maumbo kama Bigsby walikuwa na rula yao maalumu, ndefu kidogo kuliko rula ya watu wote, na kila madini yana rula yake. Nilipokutana na habari hiyo mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Rula isiyo ya kweli, iliyotengenezwa kwa makusudi ili kitu cha mwisho kiwe cha kweli.

Koni za National zina historia yao ya kurudi. Vita ya Pili ya Dunia ilipoyapeleka madini kwenye silaha, utengenezaji wa magitaa yale ya chuma ulikoma. Kampuni iliyorithi jina, Valco, ilifilisika mwaka 1968. Kwa miaka mingi mwenye gitaa la National lililobonyea koni alikuwa na gitaa la ukutani. Mwaka 1989 Don Young na McGregor Gaines walianzisha National Reso-Phonic huko California, wakazirudisha koni na hatimaye miili ya chuma. Vifaa vya kukazia nyuzi vya Kluson vilipita njia hiyohiyo: kampuni ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, jina likanunuliwa mwaka 1994 na vifaa vikaanza kutoka upya.

Kuna ubishi kati ya mafundi wa kazi hii, nami nina upande wangu. Je, anayetengeneza upya afuate madini yaleyale, na kasoro zake? Kiwiko cha zinki kilichokatika, akitoe tena kwa zinki ili gitaa libaki halisi? Naona kuna kipande kinachobeba sauti na kipande kinachobeba mzigo, na haviwezi kupewa hukumu moja. Kidole kimegusana na uzi. Ukikibadilisha kutoka alumini kuwa chuma umelibadilisha gitaa koo lake. Hapo fundi awe mtiifu mpaka mwisho. Kiwiko kilichoko chini, ambacho hakuna anayekisikia, akikitoa kwa shaba au alumini ngumu amemtendea haki mpigaji na mtengenezaji wa kwanza pia, ambaye huenda angetumia madini bora kama bei ingemruhusu.

Mtu aliyekulia Babati haelezwi maana ya spea isiyouzwa. Miaka ya mwisho ya 1970 na ya 1980, baada ya vita ya Uganda na fedha za kigeni kukauka, nchi nzima iliishi kwa kuchongesha. Neno hilo lilikuwa kila siku midomoni: bushi imekwisha, kachongeshe; pini imekatika, kachongeshe. Bendi zilikuwa kwenye hali hiyohiyo. Vyombo vya NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 na baadaye kuitwa JUWATA, vilikuwa mali ya jumuiya ya wafanyakazi. Bendi za jeshi, polisi na magereza vivyo hivyo. Mwanamuziki hakumiliki gitaa lake, na chombo kikifa ilibidi kifufuliwe hapahapa, kwani cha pili hakikuwa njiani. Serikali ilikuwa imeunda SIDO mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Arusha ikapata TEMDO mwaka 1980 na CAMARTEC mwaka 1981, vituo vya kubuni mitambo na zana za kilimo. Hakuna kati yao aliyefikiria gitaa. Lakini elimu ya kukereza, kusubu na kupima haijui imepimwa kwa ajili ya nini.

Na ipo habari ya Kagera, ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote. Wahaya walikuwa wameyeyusha chuma kwa karne nyingi. Majembe ya dukani yalipojaa katika ukoloni, matanuru yalizimwa, na kwa karibu nusu karne hakuna aliyeyawasha. Mwaka 1976 wazee waliokuwa wamefanya kazi hiyo ujanani waliombwa na mwanaakiolojia Peter Schmidt na wenzake walijenge tanuru upya. Walikuwa hawana mchoro. Walikuwa na kumbukumbu ya mikono: udongo wa kichuguu kwa ajili ya kuta, nyasi za bwawani zilizochomwa kujazwa kwenye shimo, mirija ya udongo iliyoingizwa ndani kabisa ili hewa ipate joto kabla ya kufika kwenye moto. Chuma kikapatikana, na ndani yake kulikuwa na kaboni ya kutosha kukiita chuma cha pua. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 1978. Wazee wale walifanya kazi ya fundi wa vidole vya Sho-Bud, ila kipande chao kilichokosekana kilikuwa tanuru zima.

Karibu na sisi kuna Haubi, wilaya ya Kondoa, ambako mavi ya chuma ya wafua chuma wa kale bado yanaokotwa mashambani, na wanaakiolojia wameyachimba. Barabara ya kutoka Babati kwenda huko, ileile Barabara Kuu ya Kaskazini ya tangu wakati wa Mwingereza, ilizinduliwa ikiwa na lami mwaka 2018, kilomita 251 mpaka Dodoma, na sherehe zikafanyika hapa jirani Bonga. Ukiifuata mpaka mwisho unaingia Ugogo, na Ugogo ni nchi ya ilimba.

Ilimba ni ala ya muziki yenye ndimi za chuma badala ya nyuzi, lakini fundi wake ana mtihani uleule. Hakuna duka linalouza ndimi hizo. Fundi huchukua msumari au spoki ya baiskeli, huupasha moto, huupiga mpaka uwe bapa, kisha huufunga juu ya sanduku na kusikiliza. Sauti iko chini? Anausukuma ndani, sehemu inayotikisika inakuwa fupi, sauti inapanda. Iko juu? Anauvuta nje. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Bagamoyo na kuzunguka dunia na ilimba zake mpaka alipofariki mwishoni mwa mwaka 2003, alizikuza zikawa na ndimi nyingi kuliko za wazee wake, na kila ulimi ulipita nyundoni. Chini ya ndimi hubandikwa utando wa buibui juu ya matundu ili sanduku livume. Kule Nashville wanatumia miaka kuuondoa uvumo kwenye kidole cha alumini, na Dodoma wanautafuta kwa subira kwenye pembe za nyumba.

Kwa hiyo najua jinsi kidole kingetoka Nangara. Kifundo cha alumini kutoka kwenye pistoni iliyokufa kingeyeyuka kwenye sentigredi 660 au pungufu kidogo, joto ambalo mivukuto ya Kidatoga inalipita kwa mbali. Fundi asingekandamiza kidole cha zamani mchangani. Angechonga kwanza umbo la mti, akirudisha nyama iliyoliwa na uzi, akiongeza ile asilimia 1.3 na unene kidogo kwa ajili ya tupa. Mchanga ungechekechwa, ungelainishwa kwa udongo na maji kiasi cha kushikana kiganjani bila kulowesha. Alumini ingemiminwa taratibu, mfululizo, bila kusita, kwani anayesita anapata mshono katikati ya kipande. Angeacha ipoe usiku mzima. Asubuhi jiriwa, msumeno, keekee ya kutoboa tundu la mhimili, ambalo lazima linyooke kabisa. Skrubu za Kimarekani zina meno ya inchi, na huku kwetu soko limejaa za milimita; angelazimika kukata meno yake mwenyewe au kubadilisha skrubu zote. Halafu tupa kubwa, tupa ndogo, msasa mkavu, msasa wa maji, mpaka kucha ing'ae.

Angekitia kwenye mhimili. Angepandisha uzi juu yake, akaukaza, akauachia kidogo ukae, akaukaza tena. Angeweka chuma cha kutelezesha juu ya uzi, akaugusa kwa dole gumba, akakanyaga pedali, na kuinamisha kichwa kusikiliza kama nzi bado yumo chupani.